Mama Mchungaji na Mlinzi wa Lango

Kuna kipindi nilikuwa nikimwona Mama Mchungaji anateremka kutoka kanisani, mwavuli kwapani na sweta lake la kahawia limefungwa vifungo mpaka shingoni, naacha kaunta na kuingia stoo, najifanya napanga maboksi. Haikusaidia. Aliingia dukani, akavuta kiti cha wagonjwa, akakaa, akaanza kuongea na mlango wa stoo.

"Enitha, najua umo humo. Nimefika pale daraja linapovunjika. Mwandishi amechoka pale. Toka tuongee."

"Mwandishi amechoka" ndiyo ilikuwa hukumu yake kwa kila jambo asilolipenda kitabuni. Mtu mwema akiuawa, mwandishi amechoka. Wachumba wakiachana, mwandishi amechoka. Mimi nikitoka stoo kumweleza kwamba daraja lilivunjika kwa sababu ya usaliti ulioandaliwa tangu kitabu cha kwanza, kwamba ndiyo sehemu ambayo wasomaji wa dunia nzima wanaisifu, alinisikiliza huku akitingisha kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa niliyekuja kununua dawa.

Tulikutana kwa ajili ya kikohozi. Nilikuwa na duka dogo la dawa Njombe mjini, na mumewe, mchungaji wa usharika wetu, alikuwa na kifua kisichopenda baridi. Siku hiyo alikuja kumnunulia dawa akakuta kitabu changu juu ya kaunta, kinene kama tofali, na joka kwenye jalada.

"Hicho ni kitabu cha nini?"

"Hadithi tu, Mama. Ufalme, vita, majoka."

"Wanapona?"

"Majoka?"

"Watu."

"Baadhi yao."

Akakifikiria. "Basi niazime."

Ndivyo nilivyojiletea balaa. Kilikuwa kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano vya Kiingereza ambao sisi mashabiki wa Njombe na Makambako tuliuita kwa Kiswahili *Lango la Kaskazini*. Ni habari ya ufalme ulio chini ya milima ya theluji, na lango la mawe linalozuia majoka yasishuke kwa watu. Askari wanapokimbia wote, lango linabaki mikononi mwa bibi mmoja mwenye jicho moja, anaitwa Behane. Vitabu hivyo nilivikusanya kidogo kidogo kwenye mafungu ya mitumba Makambako. Hatukuwa mashabiki wengi. Kiongozi wetu alikuwa Fredi, fundi simu wa Makambako, aliyejua kila toleo la kila kitabu, jalada lake lilichorwaje na sinema yake imefikia wapi. Tulibishana kwenye kundi la simu, na Jumamosi nyingine tulibishania kwenye banda lake huku akifungua simu za watu.

Mimi ni mtu wa majalada. Mtu mwingine ananusa kitabu, mwingine anasoma ukurasa wa mwisho. Mimi naangalia jalada mpaka niyajue mawe yake. Toleo langu lilikuwa lile la zamani, lililochorwa kwa rangi za mkono: lango, theluji ya samawati, taa moja juu ya ukuta, na joka dogo mno kwa mbali, ambalo usipotulia huuoni mkia wake. Nilimkabidhi Mama Mchungaji nikamsihi akishike vizuri.

Kilirudi kimevalishwa karatasi ya kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, yenye picha ya kwaya. Hakukikunjia karatasi kama wanafunzi wanavyofanya na madaftari. Alikigandisha kwa gundi.

"Mama! Umebandika!"

"Ili kisichanike."

"Lakini jalada ndilo zuri lenyewe!"

"Mzee wa kanisa akija kwangu akute joka mezani, nitamwambia nini?"

Juu ya kalenda alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: MAFUNZO YA NDOA. Cha pili kilirudi kinaitwa USAFI WA VISIMA. Nilijaribu kukibandua cha kwanza kwa mvuke wa birika. Kalenda ilitoka na theluji yote, na joka langu likabaki na nusu ya kwaya mgongoni.

Na hilo jina halikukaa kimya. Binti mmoja wa pale usharikani, aliyekuwa akijiandaa kufunga ndoa, alikiona kitabu hicho sebuleni kwa Mama Mchungaji akaomba kukisoma. Mama Mchungaji alikuwa jikoni, akasema chukua tu, bila kuuliza ni kipi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha. Akaja kukirudisha akiwa mnyonge.

"Mama, nimefika pale bwana harusi anapochomwa kisu mezani. Hayo ndiyo tunayotakiwa kuyajua?"

Mama Mchungaji alinisimulia mwenyewe, akicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria vidole vilivyopita juu ya kurasa zangu.

Ungedhani basi kwamba mtu wa namna hiyo haoni umuhimu wa picha ya jalada. Sinema ya kwanza ya *Lango la Kaskazini* ilipokaribia kutoka, vitabu vilichapwa upya, na badala ya michoro wakaweka nyuso za waigizaji. Mashabiki wote tulichukia. Fredi aliandika kwenye kundi waraka mrefu wa kulaani, kwamba jalada la sinema linampora msomaji macho yake mwenyewe, kwamba kuanzia leo hakuna mtoto atakayemwona mwanamfalme Odrin kwa akili yake. Tulikuwa bado tunamuunga mkono ikaingia sauti ya Mama Mchungaji, ambaye naye alishaingizwa kundini, imejaa milio ya sufuria.

"Mimi nimeipenda. Huyo kijana wa katikati ana uso wa mtu aliyelelewa."

Akaagiza nakala yenye nyuso hizo kupitia kwa Fredi, na hiyo hakuibandika kitu. Aliisimamisha kabatini sebuleni, jalada linatazama wageni, karibu na maua ya plastiki. Nilimuuliza kulikoni.

"Hapo hakuna joka," alisema. "Ni watu. Wazee wakiuliza, nasema ni wageni wetu wa Ujerumani."

Kumbe aliweza hata kudanganya. Na huyu ndiye mama ambaye kwenye shule ya Jumapili mtoto akisema Daudi alimpiga Goliathi kwa mawe mawili, anasimamishwa arudie. Jiwe moja. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, ndivyo alivyowafundisha, akigonga meza kwa penseli. Watoto wa kijiji cha Yakobi waliomaliza mikononi mwake mpaka leo wanasimulia Biblia kama wanasoma risiti. Lakini ukimpa kitabu cha mtu aliyekaa miaka mingi kukiandika, anaanza kukipangua kama kitanda.

Nilikuja kugundua ukubwa wa maangamizi siku aliyokuja Mama Skola, mteja wangu, mkulima wa viazi na mwanachama wa umoja wa wanawake. Alikuwa anataka dawa ya minyoo. Wakati namfungia akaniuliza, "Eti Behane mguu wake umepoa?"

Nikadhani ni jirani yao. "Behane yupi, Mama?"

"Huyu wa langoni. Si uliumia alipokuwa anavuna viazi?"

Nikaweka dawa chini. Ikabainika kwamba kwa muda mrefu, umoja wa wanawake ukipanda au ukipalilia shamba la usharika, Mama Mchungaji alikuwa akiwasimulia *Lango la Kaskazini* kutoka tuta moja hadi jingine. Wanawake wengi sana walikuwa wakimjua Behane, wakimpenda, wakimwombea. Na Behane wao alikuwa na shamba la viazi nyuma ya ukuta, alikuwa mjane, na mjomba wa mfalme alikuwa akimletea kuni kwa nia anayoijua mwenyewe.

Nilifunga duka nikaenda nyumba ya mchungaji.

"Hakuna viazi kwenye kile kitabu, Mama."

"Nchi ile ya baridi vile? Walikuwa wanakula nini?"

"Mkate na nyama ya kulungu. Imeandikwa."

"Kila siku?"

"Mama, na huyo mjomba mtu hana habari na Behane! Yeye ni msaliti! Ndiye aliyevunja daraja!"

"Ndiyo maana nikampa kuni abebe," akanijibu. "Mtu akiwa na kazi ya kufanya hapati nafasi ya kusaliti."

Mchungaji alikuwa amekaa pembeni na blanketi magotini. Alikuwa mtu mkimya, mwembamba, ambaye hata mahubiri yake yalikuwa mafupi. Alinitazama akatabasamu kidogo, akarudi kwenye gazeti lake. Nilitegemea angalau yeye ataona uchungu wangu.

Jambo lililotuchosha wote zaidi ni kwamba alikataa kusoma kitabu cha tano. Alimaliza cha nne, akakifunga, akasema, "Mpaka hapa wote ninaowapenda wako hai. Mimi nashukia hapa." Tulimbembeleza. Tulimwambia kwamba yote yaliyofungwa kwenye vinne yanafunguliwa kwenye cha tano, kwamba kukiacha ni sawa na kula ubwabwa ukaacha nyama. Hakutaka. Na kwa kuwa hakukisoma, na sisi hatukuruhusiwa kukitaja mbele yake. Mtu akiteleza kidogo tu kwenye kundi, Mama Mchungaji alijitoa, akakaa nje siku kadhaa, kisha akamwomba Fredi amrudishe. Mwishowe Fredi aliunda kundi la pili, la waliomaliza tu. Aliligundua. Akaomba aingizwe na humo.

"Lakini Mama, humo ndimo tunamozungumzia mwisho," Fredi alimwambia.

"Nitakuwa nasoma salamu tu."

Sinema ilipofika, Fredi alikodi ukumbi mdogo Makambako, karibu na njia ya reli, akaweka projekta na spika mbili. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikuwa tumeisubiri kwa muda ambao mtu mwingine angesubiria visa. Nilivaa vizuri. Nikawahi kiti cha katikati. Vijana wa mjini walishajaza nyuma, na taa zilikuwa zinakaribia kuzimwa, mlango ukafunguka akaingia Mama Mchungaji na umoja wa wanawake, wamevaa vitenge vya sare, wamekodi gari kutoka Njombe. Walikuja kumwona Behane.

Nilifumba macho. Mimi na Fredi tulishasoma habari za sinema ile. Tulijua walichokifanya, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Sinema ilikwenda vizuri kwa takribani nusu. Theluji ilikuwa theluji, joka lilikuwa joka, wanawake walisema "Yesu wangu" pale panapostahili. Kisha askari wakakimbia, lango likabaki wazi, muziki ukapanda, na akatokea kijana mmoja mzuri mwenye nywele ndefu, akasimama langoni na kutamka maneno yote ya Behane.

Nikamsikia Mama Skola: "Huyu ni nani?"

Mama Mchungaji akasimama. Kivuli chake kikaingia kwenye picha ukutani, mwavuli na yote. "Fredi. Simamisha kwanza. Behane yuko wapi?"

"Hayupo, Mama," Fredi akasema kutoka gizani. "Wamemtoa."

"Wamemtoa wamempeleka wapi?"

"Hawakumpeleka popote. Wameona hadithi ni ndefu, wakamuunganisha na huyo kijana."

"Wamemuunganisha bibi wa watu na kijana?"

Vijana wa nyuma walianza kupiga kelele kwamba akae chini. Mtu akapiga mluzi. Fredi, ambaye sijui alipatwa na nini, akasimamisha sinema kweli, na uso wa yule mwigizaji ukabaki umeganda ukutani, mdomo wazi. Mama Mchungaji akatembea mpaka mbele, akageuka, akawaambia watu samahani kwa usumbufu, ila kuna mama mmoja ameachwa hapa, na si vizuri kuendelea bila yeye. Akaanza kumsimulia Behane. Jicho lililopotea, baridi ya ukutani, jinsi alivyowasha taa ile moja na kukaa chini yake bila silaha ili majoka yaone kuna mtu. Yote hayo yapo kitabuni, nakiri. Baadaye vikaja viazi. Baadaye mjomba na kuni. Nilitaka kulia. Vijana wa nyuma walikuwa wamenyamaza, mmoja wao akauliza, "Sasa bibi akamkubali mjomba?" na wanawake wakajibu kwa pamoja, "Bado!"

Sinema yenyewe iliendelea baada ya hapo, lakini hakuna aliyeijali. Yule kijana mwenye nywele kila akitokea, wanawake waliguna. Nilirudi Njombe nimekasirika, sikumpigia kwa muda mrefu.

Aliyenifanya nimpigie ni mzee mmoja wa kanisa. Habari za ukumbini zilimfikia zikiwa zimeongezwa chumvi: kwamba mke wa mchungaji amewapeleka wanawake wa umoja kwenye onyesho la mizimu, kwamba nyumbani kwake mna vitabu vya uchawi vilivyoandikwa majina ya uongo. Hilo la mwisho, bahati mbaya, lilikuwa na ukweli. Likaitwa baraza la wazee, na kwa kuwa vitabu vilikuwa vyangu, nikaitwa na mimi. Vilipangwa mezani, MAFUNZO YA NDOA juu kabisa. Katika mji mdogo, mtu wa duka la dawa akisemwa kwa uchawi, afadhali afunge akalime.

"Mama Mchungaji," mzee alisema, kwa upole wa kutisha, "haya majoka yana faida gani kwa mkristo?"

"Hata Ufunuo una joka, Mzee," alisema. "Na lile lina vichwa saba. Langu lina kimoja."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mzee akavuta pumzi kujibu, na hapo mchungaji, aliyekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akakohoa.

"Naomba niseme," alisema. "Kiingereza cha vitabu hivi ni kigumu. Maneno mengine mama hayajui, ananiuliza. Mimi ndiye ninayefungua kamusi. Tunasoma wote, yeye kwa sauti, mimi nikitafuta maneno. Kama ni kosa, tulishiriki." Akakohoa tena. "Na mimi ningependa kujua kilichotokea kitabu cha tano, ila amenikataza."

Wazee walitazamana. Mmoja aliinama kuficha kicheko. Uamuzi ukawa kwamba vitabu viandikwe majina yake halisi, na wanawake wasipelekwe tena kwenye kumbi. Tulipotoka nje nilitegemea Mama Mchungaji atanishukuru kwa kusimama naye. Akaniambia, "Umeniumiza kidole, Enitha."

Haikupita muda mrefu mchungaji akahamishiwa Makete, usharika wa upande wa Iwawa. Wapo waliosema ni kwa sababu ya majoka. Mimi sijui, wachungaji huhama. Nilifikiri nimepumzika. Badala yake sauti zake zilinifuata kwenye simu, ndefu, upepo wa kule unapuliza ndani yake, akilalamika kuhusu sinema ya pili aliyoapa kwamba hataiona na ambayo kwa dhahiri alikuwa ameiona yote.

Mchungaji alifia huko, wakati wa baridi kali. Kifua. Nilikwenda. Mazishi yalikuwa makubwa na yenye mpangilio, ratiba ilisomwa, wakubwa walitoa salamu kwa zamu, kwaya zikaimba. Yeye alikaa chini kwenye mkeka, amefunikwa kitenge kichwani, wanawake wamemzunguka. Kwenye ratiba hapakuwa na mahali pake pa kusema. Nilimshika mkono, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kumwona amekosa neno, na nilirudi Njombe nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Nyumba ya mchungaji ni ya usharika, ilibidi aiache. Alishukia Makambako, kwenye nyumba ndogo waliyokuwa wakiijenga polepole na mumewe, bado haina dari. Nikaanza kupitia kwake nikienda kuchukua dawa. Tulikunywa chai, tukaongelea mvua. Hakutaja vitabu, na mimi sikuthubutu. Ndipo siku moja ukaingia ujumbe, wa maandishi, si sauti: Niletee cha tano.

Nilimpelekea. Akakipokea bila kukifungua, akakiweka chini ya kamusi ya mumewe, akaniuliza hali ya biashara. Nilingoja. Fredi alingoja. Kundi zima, makundi yote mawili, yalingoja. Aliposema nije, niliacha kila kitu.

Nilimkuta uani, kitabu mapajani, miwani imesukumwa juu ya paji la uso. Amekasirika. Sijui niseme vipi furaha niliyoipata kumwona amekasirika.

"Behane amekufa," alisema.

"Najua, Mama. Pole."

"Amekufa langoni, ukurasa huu hapa. Ukurasa unaofuata wanamvisha Odrin taji na kunywa divai."

"Ndiyo, kwa sababu vita vimeisha na..."

"Nani alimwosha?"

"Samahani?"

"Mwili. Nani aliuosha? Nani alienda kumwambia dada yake wa kule bondeni? Kaburi lilichimbwa na nani, na ardhi imeganda barafu? Nimerudia mara mbili nikidhani nimeruka karatasi. Hakuna. Hata chai hawakunywa."

"Mama, ni hadithi."

"Najua ni hadithi!" Alikipiga kitabu kwa kiganja. "Ndiyo nakuuliza. Huyu mtu ana kalamu, ana karatasi, ameeleza mapazia ya ukumbi kurasa mbili. Angepungukiwa nini kumzika?"

Nilianza kumweleza kuhusu mwendo wa simulizi, kwamba ukimya wa mwandishi pale unasifiwa sana, kwamba ni makusudi. Aliniacha nimalize.

"Jumamosi tunamkalia msiba," akasema. "Nimeshamwambia Mama Skola. Njoo na kisu cha kumenyea."

Nilimwambia waziwazi kwamba huo ni wazimu. Nilimwambia watu wataongea, kwamba safari hii hana mume wa kumtetea barazani, na mara tu lilipotoka mdomoni nikatamani kulirudisha. Yeye hakuonekana kuumia. Aliniambia nije mapema, viazi ni vingi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa Makambako nimekaa kwenye kigoda, namenya viazi kwa ajili ya msiba wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Fredi alileta viti na turubai, uso wake umekunjamana kwa aibu. Wanawake walifika kutoka Njombe, wakaingia kimya, mmoja mmoja wakimshika Mama Mchungaji mkono na kukaa kwenye mikeka. Hakuna aliyecheka. Waliimba wimbo mmoja. Kisha akasimama, hakuna ratiba, hakuna wakubwa, akazungumza juu ya marehemu.

Alisema alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema alivumilia baridi ambayo haikuwa saizi yake, kwa sababu alipewa mahali pa kukaa na hakutaka kupaacha wazi. Nilikubali kwa kichwa, Behane kabisa. Alisema alikuwa anavaa soksi mbili mbili na bado miguu inakuwa ya baridi kitandani. Akasema, "Usiku alikuwa akisoma na kidole chini ya neno, midomo inacheza, na akilipata neno lililokuwa linatusumbua alinigusa bega."

Behane hajui kusoma. Imeandikwa kitabu cha kwanza, sura ya tatu. Ni jambo kubwa, ujumbe wa mfalme unapotea kwa sababu hiyo. Fredi alinitazama. Alijua kama nilivyojua mimi. Nilishika kiazi changu, nikaendelea kumenya, nikaona maganda yanaanguka mahali pasipo na sinia.

Alizungumza muda mrefu. Wanawake walilia, naye akalia, kwa sauti, kama ambavyo sikumsikia akilia kule Makete. Baadaye alikaa, akaomba maji, na Mama Skola akamletea.

Nilitoka na maganda kwenda kuyamwaga nje. Kulikuwa na mama anapita njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alipoona turubai na watu wamekaa, akasimama, akanisalimia kwa kilugha.

"Kamwene. Kuna msiba hapa? Nani amefariki?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Ningeanzia wapi? Kwamba ni kitabu, kwamba ni cha tano, kwamba kwenye sinema hata hayupo?

"Ni mtu wa huyu mama wa humu," nikamwambia. "Alifia mbali, kwenye baridi."

Akatua mzigo wake. "Jamani. Poleni sana."

"Tumeshapoa," nikasema, nikampisha aingie.